Siku Haboba Alipofaulu Macho

Kwa heshima na taadhima, mbele ya Mwenyezi Mungu, mwalimu wa zamu na mataifa yote yenye bendera, natangaza rasmi kwamba hadithi ifuatayo itakomesha upofu duniani. Wasomaji mnaombwa kusimama. Wenye kofia wavue.

Sasa kaeni. Haitakomesha kitu. Inamhusu bibi mmoja wa Kisenyi, hapa Kampala, ambaye asubuhi moja alilisalimia gunia la makaa, akaliuliza habari za watoto, na gunia lilipokaa kimya akaingia ndani akinung'unika kwamba watu wa siku hizi hawana adabu.

Jina lake Ruqaiya, lakini nyumbani aliitwa Haboba, kama Wanubi tunavyowaita bibi zetu. Msimulizi wenu, anayeona yote na kujua yote, hata yaliyomo ndani ya vichwa vya watu, anawaarifu kwamba Haboba alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Ukungu ulianza kama mvuke wa chai. Ukaingia taratibu, ukakaa, ukaagiza virago vyake. Haboba hakumwambia mtu. Kazi yake ilikuwa kusuka tabaga, zile kawa za rangi rangi zinazofunika sinia za harusi, na vidole vyake viliijua kazi hiyo tangu hajaota meno ya pili. Rangi alizitambua kwa mifuko: ukindu mwekundu mfuko wenye fundo, wa kijani mfuko usio na fundo, wa manjano mfuko wa kitambaa, na mweusi chini ya goti lake. Wateja walisifu. Hakuna aliyejua kwamba bibi anasukia ndani ya maziwa.

Na humo ndani ya maziwa hapakuwa pabaya. Jioni, mafundi wa gereji za jirani walipoanza kuchomelea vyuma, Haboba aliketi barazani na kuuelekeza uso wake kwenye mwanga. Kwa wengine zile zilikuwa cheche. Kwake yalikuwa maua mapana kama sinia, yenye nywele za dhahabu. Yalichanua, yakaelea, yakayeyuka moja ndani ya jingine. Taa za bodaboda zilipita kama miezi iliyochelewa kazini. Watu walikuja kama mawingu yenye sauti, wakasalimia, wakapeperuka.

"Yatazame maua," alimwambia mjukuu wake Munirah.

"Nayaona, Haboba. Lile la kulia lina ndevu."

"Wewe ndiye peke yako unayeona katika nyumba hii."

Huyu Munirah alikuwa msichana wa kidato cha tatu, amerudi likizo kutoka shule ya bweni, mwenye akili, sura na unyenyekevu usio wa kawaida. Walimu wake wana maoni mengine, lakini walimu hawakualikwa katika hadithi hii.

Siri ilifichuka kwa sababu ya usafi. Habibah, mama yake Munirah, alifagia baraza akaipanga ile mifuko vizuri, yenye mafundo yote pamoja. Wiki hiyo hiyo mteja akarudi na tabaga yake, akaiweka chini kwa ncha za vidole.

"Mama, hii ni ya harusi au ya matanga?"

Pale palipotakiwa kuzunguka kijani, palizunguka nyeusi tupu. Haboba aliipokea, akaipapasa, akasema ni mtindo mpya kutoka Bombo. Mteja hakucheka. Alitaka rangi zake, na ndani ya siku kumi.

"Mama," alisema mwanawe Uthman, baba yake Munirah, jioni ile, "hizi ngapi?" Akanyoosha vidole.

"Usininyooshee vidole, nimekuzaa mimi."

"Mama, ngapi?"

Haboba aliipapasa ile tabaga mpaka kwenye mduara mweusi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nikipofuka mtanikunja mnisimamishe kwenye kona, kama mkeka wa wageni."

* * *

Uthman ni fundi wa injini. Bila kumwambia mkewe alikwenda kwenye kliniki moja ya macho, kule juu vilimani ambako hata vumbi hupanda kwa miadi. Mlangoni aliona zulia. Zulia la manyoya, safi, na yeye ni mtu aliyelelewa vizuri: akavua viatu. Akavuka ukumbi mzima kwa soksi, na soksi ya kushoto ilikuwa imemwachia kidole gumba kitoke kuona mji.

"Ssebo, viatu huwa tunavaa," alisema dada aliyekaa nyuma ya kioo.

"Najua," alisema Uthman, akabaki hivyo hivyo, maana kurudi mlangoni kungekuwa aibu ya pili.

"Mgonjwa ana bima?"

"Mgonjwa ana mimi."

Dada akamwandikia bei ya jicho moja, akampa na peremende. Ilikuwa bei ya injini nzima ya gari la Noah pamoja na fundi wa kuifunga. Uthman aliikunja ile karatasi mara nyingi, ikawa ndogo kama hirizi. Nyumbani alisema, "Daktari anasema mtoto wa jicho bado hajaiva. Tungoje."

"Kama ndizi," alisema Haboba, na alionekana kufarijika.

Mheshimiwa Spika, hoja yangu ni fupi. Katika mji wetu madaktari wa macho wapo, na vipofu wapo, ila hawajatambulishwa. Naomba kukaa.

* * *

Ndipo zikaja habari za kambi. Madaktari wa macho wangepiga hema kwenye uwanja wa shule ya msingi, karibu na gereji, siku tatu, bure. Wa kwanza kwenda alikuwa jirani, Mama Perpétue, Mkongomani anayeuza vitenge, mwenye sketi ambayo familia ndogo ingeweza kuhamia. Alirudi saa nne asubuhi akihema, kilemba kimegeuka.

"Mama Ruqaiya, usiende! Kule kuko mutihani!"

"Mtihani wa nini?"

"Wa macho! Banaweka ubao. Kwa ubao kuko kitana chenye meno matatu. Kimoja kinaangalia juu, kingine kinaangalia chini, kingine huku. Kijana anagonga na fimbo, weye unaonyesha na vidole meno iko wapi. Miye nilianguka. Banasema, 'Mama, ingia kwa hema.' Nikauliza, walioingia banatokea wapi? Mbona siwaoni? Nikakimbia."

"Humo hemani wanafanya nini?" aliuliza Habibah, mikono imejaa unga wa sambusa.

"Banasema wanatoa jicho, wanaweka la mbuzi."

"Si mbaya. Bei ya majani itakuwa juu ya mgonjwa mwenyewe."

"Habibah, bambi, usicheke."

Uthman hakucheka. "Mama, utakwenda," alisema. "Ni bure. Na utajitahidi ufaulu."

Msiwacheke. Katika maisha yao yote, nani alipewa kitu kwa kuanguka? Waliofaulu ndio walioitwa sekondari. Waliofaulu ndio waliopata kazi na viza. Wote katika nyumba ile, hata yule mwenye akili isiyo ya kawaida, waliamini kwamba walioshinda mtihani ndio watakaotibiwa vizuri, na walioanguka ndio watakaofanyiwa mambo ya mbuzi.

"Mimi sijawahi kuanguka mtihani wowote," alitangaza Haboba.

"Haboba, hujawahi kufanya mtihani wowote."

"Ndiyo maana yake."

Baadaye, mama alipotoka, alimvuta Munirah kwa mkono. "Ya binti. Huko kwenye shule yenu ya ada kubwa, mtu asiyejua jibu hufanya nini?"

Munirah aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Huutafuta mtihani kabla mtihani haujamtafuta yeye."

* * *

Mchana huo huo alikwenda uwanjani akijikuna macho, akapanga foleni, na kila alipofika karibu na ubao aliwapisha wazee kwa heshima kubwa, mpaka akasifiwa. Mstari wa kwanza ulikuwa na kitana kimoja kikubwa. Wa pili na wa tatu aliikariri bila shida, wa nne na wa tano kwa kukunja uso na kusogea mpaka akafukuzwa. Mstari wa mwisho ulikuwa mdogo mno kwa binadamu yeyote yule, kwa hiyo akautunga.

Kumfundisha Haboba kulikuwa kazi nyingine. Juu, chini, kulia, kushoto havikukaa kichwani.

"Ngoja," alisema Haboba. "Nipe rangi."

Wakakubaliana: juu nyekundu, chini nyeusi, kulia kijani, kushoto manjano. Haboba akafumba macho na kuanza kusuka hewani. Nyekundu. Kijani, kijani, nyeusi. Manjano, nyekundu, nyeusi. Jua lilishuka nyuma ya mabati, mafundi wakawasha moto wao, na yale maua yenye nywele yakaanza kuelea juu ya barabara. Na bibi kizee akakaa katikati yake akisuka tabaga isiyokuwepo, mduara juu ya mduara, mpaka ukingo. Alipomaliza alitabasamu kama mtu aliyeiona.

"Nzuri," alisema. "Hii ningeuza ghali."

Kesho yake alifaulu. Tena alifaulu vibaya sana. Kijana wa kujitolea, Oola, aligonga ubao kwa fimbo, tap, na kidole cha Haboba kikaruka juu. Tap, kulia. Tap, kulia. Tap, chini. Alifunika jicho la kushoto, akafaulu. La kulia, akafaulu tena, na safari hii mara mbili alijibu kabla fimbo haijafika.

"Bibi, una macho kuliko rubani," alisema Oola, akampa kadi na kumwita mtu mwingine. Nyuma ya Haboba foleni ilikuwa imezunguka uwanja. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtazama usoni.

Nyumbani alichinjwa kuku. Uthman aliibandika kadi, ambayo kwao ilikuwa ahadi ya matibabu, ukutani karibu na picha ya Makka. Alikula akiwa mwepesi, kama mtu aliyetua gunia, maana sasa haikuwa dhambi yake tena. Haboba alipewa firigisi. Aliitafuta kwenye sinia kwa vidole, taratibu, kwa heshima, na wote wakajifanya hawaoni. Siku hiyo walikuwa vipofu wanne mezani, na mmoja wao tu alikuwa na kadi.

* * *

Siku ya tatu, adhuhuri, Mama Perpétue aliingia bila kubisha. Binti yake alikuwa amemkokota kurudi kambini jana yake. Jicho moja lilikuwa jekundu kidogo, lakini liko wazi, na lilikuwa linatembea chumbani kama askari wa forodha.

"Habibah! Kumbe hapa kuko buibui kwa dari! Na weye Uthman, uko na mvi!"

"Mama Perpétue, wamekutibu?"

"Banatibu! Si mbuzi, ni kioo kidogo, wanakiingiza ndani, hausikii uchungu. Kwa ule mlango wa nyuma kuko vitanda na chai. Ndiyo sababu hawatokei. Wanakunywa chai!"

"Lakini wewe ulianguka," alisema Uthman polepole.

"Ndiyo! Walioanguka ndio wanapasuliwa. Wenye kufaulu wanarudi nyumbani, hawana ugonjwa."

Kadi ilitazama kutoka ukutani. Munirah aligundua kwamba kuna kazi ya dharura ya kuosha ndoo.

Haboba ndiye aliyesimama kwanza. Aliitafuta fimbo yake, akakosa, akaegemea bega la mwanawe. Uso wake haukuwa na ule utulivu wa jioni. "Nipelekeni," alisema. "Nitaanguka. Wallahi nitaanguka mpaka washangae."

"Wanakunja hema leo," alisema Mama Perpétue. "Kimbieni."

* * *

Walimkuta Oola akifunga viti kwa kamba.

"Ah, rubani," alisema. "Karibu tena."

"Leo sioni," alisema Haboba.

"Jana ulisoma mistari mitano bila kosa. Leo hata kile kikubwa huoni?"

"Sioni."

Oola akamgeukia Uthman. "Mzee, watu wanapenda vya bure. Wamesikia kuna miwani, wote wamekuwa vipofu. Mpeleke mama nyumbani."

Watu waliobaki foleni walitazama pembeni, kama wanavyotazama mtu aliyekamatwa na sabuni ya duka. Uthman alishika kofia yake kwa mikono miwili. Mtu yule anayegombana na injini kuanzia asubuhi hadi jioni aliikunja ile kofia kama karatasi ya kliniki. Haboba alisimama wima, midomo imebana, na machozi yakashuka kutoka kwenye macho ambayo hayakuwa na kazi nyingine.

Musawo Docus, yaani tabibu Docus, alikuwa hapo nyuma, akifunga masanduku. Huyu ndiye muuguzi wa macho, mwanamke mfupi asiye na haraka. Aliichukua fimbo mkononi mwa Oola.

"Keti, mama. Tujaribu mara moja."

Haboba aliketi, amekaza nia asiinue hata kidole kimoja. Docus akatembea mpaka kwenye ubao. Akaupita. Akasimama mbele ya ukuta mtupu, plasta na alama ya mpira wa watoto, akagonga ukuta.

Tap.

Na vidole, ambavyo maisha yao yote havijawahi kuacha tabaga njiani, vikaruka juu. Tap, kulia. Tap, kulia. Tap, chini. Haboba alijaribu kuukamata mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Ukamponyoka, ukaendelea. Mtu mmoja foleni akacheka. Fimbo ikagonga ukuta tena na tena, bibi akausoma ukuta mtupu mstari kwa mstari, na kicheko kikafa chenyewe. Oola aliacha kamba zake.

Docus alikuwa haangalii vidole peke yake. Alikuwa akivilinganisha na ubao. "Mitano ya kwanza yote sawa," alisema. "Wa mwisho hakuna hata kimoja. Aliyekukaririsha, mama, ama ni mvivu, ama yeye mwenyewe haoni."

"Ana akili sana," alisema Haboba.

"Ni nani?"

Uthman naye akauliza, kwa sauti ya gereji, "Ndiyo, ni nani?"

Haboba akajifuta machozi kwa upindo wa mtandio. Hadhi ilikuwa inamrudia. "Fungueni jicho langu kwanza," alisema. "Nikiona, nitawaonyesha kwa kidole."

Docus akamwinua, akamwongoza hemani, akatazama kwa tochi jicho la kulia, kisha la kushoto, akavuta pumzi kwa pua. Kisha akamwambia Oola arudishe kitanda kimoja.

* * *

Asubuhi iliyofuata wote walikuwa kwenye darasa la shule, ambako wagonjwa wa mwisho walifunguliwa bandeji. Ubao wa vitana ulikuwa bado umeegemezwa kwenye ukuta wa mbele, haujapakiwa. Docus alibandua plasta polepole. Haboba aliketi, kope zimefungwa, kama mtu anayekataa kuamka kutoka kwenye ndoto ya maua yake.

"Fungua, mama."

Alifungua. Alianza na mikono yake mwenyewe, akaigeuza. Akamtazama mwanawe.

"Umechoka, Uthman," alisema. "Hukuniambia umechoka hivi." Uthman akaangalia dari.

"Habibah. Ulikuwa mzuri, na bado." Habibah akalia ndani ya leso.

"Na wewe, Mama Perpétue, hicho kitenge ni wewe umekichagua?"

"Ruqaiya!"

"Musawo," alisema Haboba, "nina deni lako."

Akanyoosha kidole. Kikampita Uthman, kikampita Oola, kikasimama kwenye sketi ya Mama Perpétue, kikangoja. Mama Perpétue akasogea hatua moja kando, na kidole kikatua mbele ya pua ya Munirah. Ambayo, niseme sasa kwa kuwa darasa zima limeshageuka, ni pua yangu.

"Huyu," alisema Haboba.

Baba alianza kufungua mkanda. Docus akamzuia kwa kiganja, bila kumtazama.

"Njoo usimame hapa nyuma," aliniambia. "Soma mstari wa mwisho."

"Musawo, ule si mstari. Ni vumbi."

"Wa nne."

Nilikunja uso. Vile vitana vikaota nywele, vikashikana mikono, vikaelea. Niliwatazama watu wote kwa zamu, na kila mmoja alikuwa wingu la rangi yake, na niliona hakuna ndoo ya kuosha popote.

Kwa hiyo nakiri. Mimi niliyewaambia naona yote, sijauona ubao wa darasani tangu kidato cha kwanza. Nimenakili daftari la Darlène, jirani yangu wa dawati, pamoja na makosa yake, na utundu nilianza kwa kukosa kazi ya kufanya wakati wengine wanasoma. Kule kliniki baba alikwenda na mimi. Soksi zake niliziona kwa sababu nilikuwa nimeinama kuokota viatu. Dada wa kioo sijamwona. Na yale maua ya jioni, niliyaona kweli. Hilo sikuwadanganya.

"Kwa nini hukumwambia mtu?" aliuliza Docus.

"Nilidhani ndivyo yalivyo kwa kila mtu."

Haboba alikuwa amenikazia jicho lake jipya, na sauti yake, hata kutoka mbali, haikuwa ya kucheka. "Hata mimi," alisema.

Docus akarudi kwenye ubao akainua fimbo. Tap. Nililijua jibu, nilikuwa nimelifundisha mwenyewe, na mkono ukaanza kupanda. Tap, akagonga tena. Nikashusha mkono wangu.

"Sioni, musawo," nikasema.